Joto na wodi ya wazazi

Ikitajwa hospitali kujiandaa na mabadiliko ya tabianchi, akili hukimbilia mitambo ya fedha nyingi. Tazama Ahmedabad, India. Mei 2010, kwa joto kali, vifo mjini humo vilizidi vya kawaida kwa zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji ukaanza mpango wa kutoa tahadhari mapema na kuwafundisha waganga. Lakini lililonigusa ni hili: hospitali moja iliihamisha wodi ya wazazi kutoka ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa la lami nyeusi, ikaishusha chini. Wachanga waliougua kwa joto wakapungua sana. Nasi tunaochangia ujenzi wa zahanati, tumeuliza wodi ya wazazi itaezekwa nini? Feni haisaidii umeme ukikatika.