Ukoka na Popo, Majirani wa Mashimo ya Dhahabu

Katika mkoa wetu wa Geita viumbe wawili wanaonewa. Ukoka, utambaao hata kwenye ardhi iliyochimbwa na kuachwa, huitwa gugu. Popo wa matunda wa Misri, apendaye kujificha mchana katika mapango na mashimo ya machimbo, hunasibishwa na uchawi.

Mkulima wa mihogo aujua ukoka. Aukatapo kwa jembe, kila kipande chenye pingili huchipua upya. Hata hivyo mizizi hiyo hiyo ndiyo ishikayo udongo mvua inyeshapo, na ng'ombe hawana malalamiko nao.

Popo hana mizizi, ila anapanda. Hula matunda usiku na kutapanya mbegu mbali, kazi ambayo hakuna amlipaye. Lakini pia hubeba virusi vya Marburg, ambavyo yeye havimuugui. Katika machimbo ya dhahabu ya Durba, kaskazini mashariki mwa Kongo, waliofariki kati ya 1998 na 2000 walizidi 120.

Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua. Kisha popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Wakarejea wengine. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena Ibanda, si mbali na hapo, na popo walipopimwa wakakutwa takriban 13 kati ya 100 wana virusi, ilhali awali walikuwa 5 tu. Ni jembe juu ya ukoka!

Marburg ilifika Kagera mwaka 2023, na Januari 2025 ikazuka Biharamulo, wilaya inayopakana na Chato yetu. Hofu basi ina sababu. Lakini hatukubaliani na wasemao mashimo yatiwe moto. Qur'ani, katika Suratul An'am, imewahesabu watambaao na warukao kuwa ni jumuiya. Na Mtume (SAW) alitukataza kuingia penye tauni, hakutuamuru kupachoma.

Ukoka na uachwe ukingoni ushike udongo, na popo aachwe gizani kwake. Vijana wetu wasiingie mashimo yaliyoachwa, si kwa dhahabu wala kwa mchezo. Na embe lililotafunwa nusu chini ya mti lisiletwe nyumbani, hata likioshwa.