Mzazi wa Honduras, mtoto wa Florida

Katika fakulte yetu tunafundishwa kwamba lugha haifi siku anapozikwa msemaji wake wa mwisho. Inakufa mapema, siku wazazi wanapoacha kuwarithisha watoto. Wataalamu wa bahari nao wanasema vivyo hivyo: kiumbe kinaweza kuwa bado kipo, lakini kwa uchache ambao hauwezi tena kufanya kazi yake.

Hiyo ndiyo hali ya Acropora palmata huko Florida, Marekani. Ni matumbawe yenye matawi mapana kama pembe, ambayo kwa maelfu ya miaka yamejenga miamba inayovunja mawimbi na kuwahifadhi samaki. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa wa mkanda mweupe uliyaangamiza katika Karibiani. Joto la bahari la mwaka 2023 likaua karibu yote yaliyobaki Florida.

Tumbawe hili huongezeka sana kwa tawi kuvunjika na kuota upya. Kwa hiyo mwamba mzima unaweza kuwa nafsi moja iliyojirudia, na mbegu za nafsi moja hazirutubishani vizuri. Kupandikiza vipande peke yake ni kuandika neno moja mara elfu na kuliita kamusi.

Mwaka 2025 watafiti walipanda karibu na Miami watoto wa mzazi wa Florida na mzazi wa Honduras, kutoka ghuba ya Tela yenye maji ya joto zaidi. Wapo wanaohofia ugonjwa mgeni. Hao wasikilizwe, na kazi iende polepole kwa ukaguzi. Lakini hoja ya kulinda usafi wa asili siikubali. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kilitoka mbali, kikachanganyika na Kiluba, Kibemba na Kifaransa. Kimeitwa kibovu mara nyingi, lakini watoto wanakizungumza.

Hata hivyo, kuchanganya kunatupatia muda tu. Bahari ikizidi kupata joto, mtoto wa Honduras naye atapauka. Kupanda matumbawe huku tukiendelea kuchoma mafuta na makaa bila kipimo ni sawa na kuandika sarufi ya lugha ambayo watoto wanaadhibiwa wakiisema shuleni.