Chama cha vitabu kwa posta: faida zake kwetu Kisii na Nyamira

Leo naweka kando lugha za kompyuta (kidogo tu, nitazirudia) nizungumzie vitabu vya karatasi. Maoni yangu ni haya: kama unaishi Kisii au Nyamira na unapenda kusoma, usingoje duka likuletee unachotaka. Tafuta wenzako watano, muunde chama, muagize vitabu kwa posta.

Kwanza tatizo. Maduka yetu ya vitabu, kuanzia Kisii mjini hadi Keroka na Nyamira, yanaishi kwa kalenda ya shule. Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kilipokuwa kitabu teule cha KCSE, hukukitafuta, kilikutafuta. Kikishatoka kwenye orodha, kukipata ni bahati. Simlaumu mwenye duka, yeye huweka kinachouzika. Lakini mtu akishamaliza kidato cha nne, nani atamwekea kitabu?

Kuletewa vitabu kwa posta si jambo geni. Mwaka 1926 huko Marekani, Harry Scherman na wenzake walianzisha Book-of-the-Month Club. Jopo la waamuzi lilichagua kitabu cha mwezi, na utaratibu uliokuja kuipa klabu hiyo umaarufu ulikuwa huu: usipokataa mapema, kitabu kinakuja. Sisi watengenezaji wa programu tunaijua mbinu hiyo. Ni mpangilio wa awali: usipogusa kitu, kazi inaendelea yenyewe.

Huku kwetu kulikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948. Iliwaazima wasomaji vitabu kwa posta na kupeleka masanduku ya vitabu mahali pasipo na maktaba. Yote hayo yalifanyika kabla ya Kenya kutunga sheria ya huduma ya maktaba ya taifa mwaka 1965. Leo tuna simu na M-Pesa, halafu tunasema vitabu viko mbali!

Sasa hesabu. Tuseme mko sita: mmoja Kisii mjini, wengine Suneka, Ogembo, Keroka, Nyamira na Kebirigo. Kila mmoja anachagua kitabu kimoja na kukilipia. Duka la Nairobi linatuma kifurushi kimoja chenye vitabu vyote sita, na nauli yake mnaigawana. Kila mwisho wa mwezi, wa kwanza anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, hadi wa sita anampa wa kwanza. Baada ya miezi sita umesoma vitabu 6 na umelipia 1. Kwenye kompyuta hiyo ni algoriti ya zamu. Akina mama wa merry-go-round wameiendesha miaka mingi kwa daftari na kalamu tu.

Faida ninazoziona ni tatu.

1. Unasoma usichokichagua. Programu za kupendekeza vitabu huangalia ulichonunua jana, kisha hukuletea ndugu zake. Ukisoma upelelezi, utapewa upelelezi hadi uzeeke. Mwenzako wa Ogembo hajui historia yako ya kubonyeza. Atakuletea Kezilahabi, au kitabu cha ufugaji wa nyuki, na utashangaa.

2. Kuna tarehe. Faili uliyoipakua haina haraka, itakaa kwenye simu mwaka mzima. Kitabu ambacho mtu wa Keroka anakingoja tarehe 30 utakimaliza.

3. Kitabu kinasomwa na nyumba nzima. Kitabu pepe cha kununua kwa kawaida hufungwa kwenye akaunti moja. Cha karatasi ukikiacha mezani, mdogo wako atakifungua, na pengine nyanya naye ataomba asomewe. Kwangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, maana mtoto aliyezoea kuona vitabu vya mtihani pekee atadhani kusoma ni adhabu.

Kuna atakayesema PDF za bure zimejaa kwenye WhatsApp. Zimejaa kweli, lakini nyingi ni za wizi, na mwandishi hapati hata shilingi. Mimi naishi kwa kuandika programu, siwezi kushangilia kazi ya mtu ikinakiliwa bila malipo.

Tahadhari nazo zipo. Ukijiunga na klabu ya kibiashara, soma masharti ya kujitoa kabla ya kulipa. Huo mtindo wa "usipokataa tunakutumia" uliwatesa watu Marekani hadi serikali ikaweka kanuni mwaka 1973, kampuni ziwaarifu wanachama waziwazi na kuwapa muda wa kukataa. Katika chama chenu kubalianeni mapema kwamba anayepoteza kitabu ananunua kingine, na andikeni nani ana nini. Jedwali moja la kompyuta linatosha. Na kwa mvua hizi za Gusii, kila kitabu kivae jalada.

Sanduku la posta pia linatosha moja kwa chama kizima, la mwanachama yeyote aliye nalo. Msimbo ni 40200 kwa Kisii, 40500 kwa Nyamira. Kazi iliyobaki ni kuwapata hao watano.