Anayeshusha gari achunge dhamana yake kwanza

KATIKA barabara za Westlands, Lavington na Kileleshwa jijini Nairobi, si ajabu kuona gari la kasi, hasa Subaru Impreza, likinyata mbele ya tuta na kulivuka kwa mshazari ili tumbo lake lisikwaruze lami.

Gari hilo limeshushwa. Mwenyewe amebadilisha springi ili mwili wa gari ukaribie barabara, ama kwa ajili ya urembo au kwa kutaka lishike barabara vyema kwenye kona.

Hiyo ni hiari yake. Hata hivyo, kuna swali ambalo wengi hulikumbuka wakati maji yamezidi unga: Kifaa kikiharibika, nani atakayegharamia?

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2025, serikali iliwasilisha kwa umma rasimu ya kanuni za ukaguzi iliyokusudia kuyajumuisha magari ya kibinafsi yaliyopita umri wa miaka 4. Mwenye gari lililogeuzwa basi ana sababu ya kujiandaa kujieleza mbele ya wakaguzi, mbali na muuzaji.

Kwanza, ni vyema ifahamike kuwa dhamana ya gari jipya ni mkataba. Hutolewa kwa muda na umbali maalumu, kwa mfano miaka 3 au kilomita 100,000, kutegemea kitakachotangulia. Hufidia kasoro za kiwandani, wala si madhara ya mabadiliko aliyofanya mnunuzi.

Hapo ndipo penye utata. Springi fupi haiwezi kuharibu redio wala kiyoyozi. Lakini inaweza kuzifanya shokomzoba zichakae mapema kwa kuwa nafasi yake ya kupanda na kushuka imepungua. Aidha, pembe za magurudumu hubadilika, tairi zikalika upande wa ndani, na viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu vikaelemewa.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1975 inayosimamia dhamana humzuia mtengenezaji kukataa dai kwa sababu tu mteja alifunga kipuri cha kampuni nyingine. Sharti aonyeshe kuwa kipuri hicho ndicho kilicholeta hasara.

Hapa Kenya, Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari anazohitaji. Kuna pia Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012. Lakini hizo zinazungumzia ubora kwa jumla. Mzozo kuhusu springi utarejea kwenye maneno ya mkataba na ushahidi wa mafundi, na asiye na karatasi huingia vitani mikono mitupu.

Kwa hivyo, anayetaka kushusha gari jipya hana budi kumuuliza wakala aliyeidhinishwa kabla ya kufungua nati hata moja, na jibu liwe la maandishi. Baadhi ya watengenezaji huuza springi fupi zao wenyewe kwa miundo fulani, ambazo hushusha gari kwa takriban sentimita 2 au 3. Zikifungwa na wakala huyo, ni vigumu kwake kuzikana baadaye.

Isitoshe, magurudumu yapimwe na kunyooshwa upya, taa zielekezwe vyema, risiti zote zihifadhiwe na springi za awali zisitupwe. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani anayeficha mabadiliko huenda akanyimwa fidia siku ya ajali.

La kuepukwa kabisa ni msumeno na moto wa gesi. Springi iliyokatwa huwa ngumu kupita kiasi na yaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linapotumbukia shimoni. Iliyochomwa hupoteza uimara wa chuma chake. Hapo suala si dhamana tena, bali ni uhai wa abiria na wa wapitanjia wa Waiyaki Way.

Fauka ya hayo, ukweli ni kwamba magari mengi ya aina hii huingia nchini yakiwa yameshatumika Japan, mradi hayajazidi umri wa miaka 8. Ukaguzi wa shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, kabla ya gari kusafirishwa huthibitisha kuwa linafaa kuwa barabarani. Hautoi ahadi ya kulitengeneza likiharibika. Anayelipeleka gari kama hilo kwa wauza vipuri wa Kirinyaga Road katikati ya jiji hana dhamana ya kupoteza. Mdhamini wake ni mfuko wake.

Yafaa pia kukumbuka kilichoipa Impreza jina hapa kwetu. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997, gari lake lilikuwa limeinuliwa na kuimarishwa ili listahimili mawe na mabonde. Barabara zetu ndizo zilizoamua kimo chake.

Mzigo huu usiachiwe mnunuzi pekee. Mawakala waeleze kwa lugha nyepesi ni mabadiliko gani yanayoondoa dhamana na ya kifaa kipi. Nayo serikali, katika kanuni zozote za ukaguzi, itaje kwa vipimo kimo kinachokubalika. Kanuni isiyo na kipimo humwachia mkaguzi kuamua kwa jicho, nasi Wakenya tunajua vyema jinsi maamuzi ya aina hiyo yanavyomalizikia kando ya barabara.