Fomu ya Mrithi Haimsaidii Mgonjwa



Katika tawi letu yupo mwenzetu, dereva wa lori, aliyeanguka kazini akapooza. Yu hai, anafungua macho, lakini hasemi wala hatambui mtu. Mkewe alikwenda kwenye chama cha akiba na mikopo kuomba fedha za mumewe alipe hospitali. Karani akamwambia kwamba jina lake limo katika fomu ya mrithi, ni kweli, lakini fomu hiyo hufanya kazi siku mwanachama akifa. Mama yule akauliza, "Basi ningoje afe?" Karani hakuwa na jibu, na sisi hatumlaumu, maana ndivyo sheria ilivyo.

Wengi wetu tumejaza fomu hizo, za akiba na za pensheni, tukadhani kazi imekwisha. Wengine wameandika na wasia. Zote hizo ni karatasi za kifo. Mtu aliyelala bila fahamu hazimhusu, naye aweza kulala hivyo miaka.

Wako wanaosema, "Mimi nilikwenda kwa wakili, nikampa ndugu yangu hati ya uwakilishi." Hapa tunataka wanachama wasikilize vizuri. Hati hiyo humpa mwingine uwezo wa kutia sahihi mahali pako, kwenda benki, kukodisha shamba, kupokea kodi ya nyumba. Inafaa sana ukiwa safarini au umevunjika mguu. Lakini kwa sheria tuliyorithi kwa Waingereza, akili ya mwenye mali ikipotea, hati ya kawaida nayo hufa. Yaani inakufa siku ile ile unapoihitaji.

Hapo jamaa hawana njia ila Korti Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, kifungu cha 26, ili jaji aweke msimamizi wa mali ya mgonjwa. Inatakiwa ripoti ya daktari, na wakili, na nauli, na siku za kungoja. Hata akiisha kuwekwa, msimamizi haruhusiwi kuuza shamba wala kuliweka rehani bila ruhusa ya korti. Ulinzi huo hatuupingi. Wako ndugu wanaokula mali ya mgonjwa huku yeye akinyimwa hata uji. Tunachopinga ni kumpeleka mke wa mfanyakazi mbele ya jaji kwa ajili ya akiba kidogo.

Waingereza wenyewe wameiacha kanuni hiyo. Sheria yao ya mwaka 1985 iliruhusu hati inayodumu hata akili ikipotea, na ile ya mwaka 2005 ikaongeza mambo ya matibabu. Kwa nini sisi tuvae nguo kuukuu ambayo mwenyewe ameitupa? Vyama vya wafanyakazi vidai Bunge litunge sheria ya namna hiyo, yenye daftari la serikali na ukaguzi wa hesabu.

Kwa upande wa matibabu mlango umekwisha funguliwa, ila watu hawaupiti. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 9, yasema mgonjwa asiyeweza kutoa idhini aweza kutolewa idhini na mtu aliyempa uwezo huo kwa maandishi. Asipokuwapo huyo ndipo hutafutwa jamaa wa karibu. Na nani asiyejua jamaa wanavyogombana mlangoni pa wodi, mke huku, kaka huku? Barua ya ukurasa mmoja yatosha: jina lako na namba ya kitambulisho, jina la unayemwamini, sahihi, tarehe, na ni vizuri kuwe na mashahidi. Kisha umpe nakala, usiifungie sandukuni.

Kuhusu fedha, wenye akaunti ya pamoja waiulize benki kwa maandishi itafanya nini mmoja akipoteza fahamu. Kumnong'onezea mtu namba ya siri ya simu si mpango.

Tumeomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano wa tawi. Tutadai pia waajiri waweke nafasi ya jina la mwenye idhini ya matibabu katika karatasi za kuajiri, pale pale wanapouliza mtu wa kuarifiwa. Na mwenye mkono uliopooza lakini akili timamu asidhani amechelewa: dole gumba mbele ya wakili linakubaliwa.