Daktari Kyaruzi na Hofu ya Uhamisho

Makarani wenzetu wa hapa Ilomba wanapoombwa kusema neno mkutanoni, wengi hujibu, "Mimi sisemi, nisije nikahamishwa." Hatuwacheki, kwani uhamisho huvunja nyumba: mahindi huachwa shambani yangali mabichi, na watoto hutolewa shuleni katikati ya mwaka. Lakini twapenda kuwakumbusha habari za Daktari Vedast Kyaruzi.

Huyu alikuwa mtu wa Bukoba, aliyesomea uganga Makerere, akaajiriwa na Serikali. Mwaka wa 1950 aliwekwa kuwa Rais wa Tanganyika African Association mjini Dar es Salaam, na Abdulwahid Sykes akawa katibu wake. Gavana Twining alikuwa ameunda kamati ya kuitazama katiba ya nchi. Chama kikaandika maoni ya Waafrika, kikayapeleka. Hazikupita siku nyingi, Daktari akahamishiwa Kingolwira, karibu na Morogoro, na baadaye Nzega, mbali zaidi.

Hapa twaona mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba hakuuacha uganga wake kwa hasira, kwani wagonjwa wa Nzega nao ni watu. Mtumishi atimizaye kazi yake hadaiwi, na asiyedaiwa aweza kusema bila kuinamisha uso.

La pili lina uchungu. Alipoondoka, shughuli za chama zililegea, hata Julius Nyerere alipochaguliwa kuwa Rais mwaka wa 1953. Basi kosa halikuwa la aliyehamishwa. Chama kinachoegemea mtu mmoja huangushwa kwa barua moja tu.

Kwa hiyo twashauri hivi. Barua za chama chetu zitiwe sahihi na halmashauri nzima, wala si katibu peke yake. Kila mwenye cheo awe na msaidizi ajuaye mahali daftari lilipo. Kumbukumbu za mikutano ziandikwe nakala mbili, zikae nyumba mbili.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka wa 1961, Daktari yule yule aliyepelekwa pembeni alitumwa New York kuwa mjumbe wa kwanza wa nchi yetu katika Umoja wa Mataifa. Hatuwaahidi makarani wa Ilomba safari ya New York. Twawaomba tu waseme mkutanoni, na wanaobaki waendeleze neno la anayehamishwa.