Foleni Mbili Katika Uwanja Mmoja wa Kanisa

Kila usharika wenye siku ya upimaji na matibabu bure hujivunia siku hiyo, nasi tunajivunia ya kwetu. Wauguzi na matabibu washarika huacha mapumziko yao ya Jumamosi, akina mama hupika uji, vijana hubeba mabenchi kutoka kanisani hadi chini ya mwembe. Watu hupimwa presha na sukari, na mwenye tatizo kubwa huandikiwa rufaa. Tangu nchi yetu ilipoanza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, wengi tumejua maana ya kuondoka kwenye dirisha la malipo bila dawa. Kwa hiyo hatuna neno dhidi ya kliniki hizi. Neno tulilo nalo ni dhidi yetu sisi tunaohudumu.

Katika uwanja huo kuna foleni mbili. Ya kwanza iko chini ya mwembe: mjane, kijana wa bodaboda, mlevi wa mtaani, jirani yetu Mwislamu. Wamekaa pale tangu saa moja asubuhi. Ya pili haionekani. Iko sakristia, mlango umefungwa, na huko hupimwa mchungaji, wazee wa kanisa na wale waliochangia dawa. Wengine wetu hatupimwi kabisa. Tunasema tutapima siku nyingine, na siku hiyo haifiki.

Sisi tunaoandika haya tumepita mlango huo. Katika kliniki iliyopita mashine ilisoma 176 kwa 108, wakati 140 kwa 90 tayari ni presha ya juu. Tukamwomba muuguzi asiandike jina letu daftarini. Akatutazama, akauliza, "Sasa Baba Mchungaji, nimwandike nani?" Hatukuwa na jibu. Tukatoka nje, tukashika kipaza sauti, tukawahimiza watu wasione aibu kupima. Huo ulikuwa unafiki, na hatutautafutia jina lingine.

Wako watakaotetea mlango ule kwa heshima ya ofisi. Watu wakimwona mchungaji kwenye benchi, wanasema, watauliza imani yake iko wapi. Waulize! Presha si dhambi, na dawa si kukosa imani. Paulo alitaja tumbo la Timotheo na udhaifu wake wa mara kwa mara katika waraka ambao Kanisa zima linausoma hadi leo, na hakuna aliyemdharau Timotheo kwa hilo. Wengine watasema ugonjwa ni siri ya mtu. Ni kweli, na siri hiyo ni haki ya kila mgonjwa. Basi pazia liwekwe kwa ajili ya mjane pia, ambaye leo namba zake zinatajwa kwa sauti mbele ya jirani zake.

Hoja nzito zaidi ni hii: nafasi zile ni za maskini, na mwenye kadi ya bima akipanga foleni anawapokonya. Tunaikubali kwa upande wa dawa. Mwenye uwezo akanunue zake. Lakini kama huruma yetu ni ya kweli, mbona sakristia tunapimwa kabla yao?

Tatizo letu si nafasi. Tunapenda kuwa mkono unaotoa, kwa sababu mkono huo uko juu. Petro naye alikataa kuoshwa miguu, na kukataa kwake kulifanana sana na unyenyekevu. Bwana alimwambia wazi kwamba asipooshwa hana sehemu pamoja naye. Sisi Walutheri tungepaswa kulielewa hilo mapema kuliko wengine. Luther alipofariki Eisleben, Februari 1546, aliacha karatasi ambayo ndani yake alikiri kwamba sisi ni waombaji. Mtu aliyefundisha maisha yake yote kwamba neema hupokelewa kwa mikono mitupu hakuona aibu kuufikia mwisho wake akiwa na mikono hiyo. Sisi tunahubiri neema hiyo Jumapili, kisha Jumamosi tunaona haya kunyoosha mkono ufungwe kitambaa cha presha.

Tena tunawanyima wale wa benchini nafasi ya kutoa. Kijana wa bodaboda aliyekuja kupimwa ndiye aliyewapeleka nyumbani wazee wawili bila kudai nauli. Mjane anajua kusoma na kuandika. Angeweza kushika daftari. Hakuna aliyemwomba, kwa sababu tulishaamua yeye ni wa kupokea tu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Mlango wa sakristia ufungwe siku ya kliniki, na kila mmoja, kuanzia mchungaji, achukue namba yake mwembeni. Pazia liwe moja kwa wote. Na kila anayekuja kupokea aulizwe, kwa heshima, kama kuna kazi ambayo angependa kuisaidia.

Kwenye Meza ya Bwana hatuna altare ya wazee na altare ya wajane. Tunapiga magoti bega kwa bega, tukafumbua mikono. Benchi la kliniki liko hatua chache tu kutoka pale. Kliniki ijayo tutakaa juu yake, na jina letu litaandikwa.